Kushoto kwa Mama

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la saruji ulichonilalamikia kimekuacha. Wifi yako na watoto wanakusalimu sana. Mdogo ameota jino la mbele na sasa anamng'ata kila anayemchekea. Mama hajambo. Najua neno hilo utalisoma mara mbili, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Kila ukipiga simu ukaniuliza Mama yukoje, yeye huwa amekaa karibu yangu ananikodolea macho, kwa hiyo najibu hajambo, halafu mtandao wa huko kwenye kambi yenu ya ujenzi unakatika. Leo ametoka. Nimefunga karakana yangu mapema, friji za watu zitasubiri, nikueleze mambo yote tangu mwanzo.

Siku aliyougua, Mama alikuwa kwenye kazi ya bekari. Mwenye bekari alikuwa ameweka mlango mpya wa chuma, ule wa kukunja, akamwita Mama aandike juu yake MIKATE MOTO KILA SIKU. Unajua alivyo. Hakupima kwa rula. Alirudi nyuma hatua chache, akaufinyia mlango jicho, akaenda moja kwa moja akatia nukta ya chaki katikati. Mwenye bekari, ambaye ni mtu wa kubisha, alileta futi yake akapima, akaikuta nukta iko pale pale inapotakiwa. Akacheka, akaingia ndani kwenye majoko yake.

Alipotoka tena alikuta kopo la rangi nyekundu limeanguka kutoka mkono wa kushoto wa Mama, rangi imemlowesha kiatu, na yeye anaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alipomwita, Mama alimjibu vizuri tu kwamba asimsumbue, anamalizia. Lakini mwenye bekari aliangalia mlango, akaona neno MOTO limeongezwa O, na T ina vichwa viwili, na herufi zote zinapanda na kukimbilia kulia kama zinafukuzwa. Ananiambia hicho ndicho kilichomtisha, kuliko hata mdomo, kwa sababu mdomo wa mtu unaweza kupinda kwa hasira, ila Mama hawezi kukosea herufi. Akambeba kwenye gari la mikate hadi hospitali. Daktari alisema kiharusi hakingoji, na kwamba mwenye bekari aliwahi. Tangu siku hiyo nikipita pale namwamkia kwa heshima kama ninavyomwamkia baba mdogo.

Haya mpaka hapo unayajua. Ambayo hukuyajua ni yaliyofuata.

Mkono na mguu wa kushoto vililegea, lakini vilianza kurudi mapema. Maneno hayakumpotea. Mkono wa kulia, ule wa brashi, ulikuwa mzima kabisa. Nikashukuru nikijua tumeponea chupuchupu. Kisha nikaanza kuona mambo ambayo sikuyaelewa. Chakula alikuwa akila nusu ya sahani, nusu ya kulia, akalalamika kwamba hospitali inabana matumizi. Nikiigeuza sahani, anashangaa kuona wali umeongezwa. Aliomba kioo achane nywele, akachana upande mmoja, akanirudishia kioo akasema sasa amependeza. Mlango wa chumba cha dawa una kibao cha DUKA LA DAWA, yeye alikisoma DAWA, nikimuuliza kuna nini kingine anasema hakuna.

Daktari alimpa karatasi na kalamu, akamwambia achore saa ya ukutani. Alichora duara, kisha akazibananisha namba zote upande wa kulia, kumi na mbili mpaka kumi na moja, kama abiria waliohamia upande mmoja wa basi. Upande wa kushoto ulibaki mtupu. Kisha daktari alichora mstari akamwomba aonyeshe katikati yake. Dada, hapo ndipo nilipotaka kutoka nje. Mama yetu, ambaye hajawahi kukosa katikati ya ubao wowote, aliweka alama karibu kabisa na mwisho wa kulia, akamtazama daktari kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

Daktari alinieleza nje, polepole, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Damu iliganda upande wa kulia wa ubongo. Upande huo ndio unaoongoza viungo vya kushoto, lakini pia una kazi nyingine, kutuonyesha vitu vilivyo mbele yetu viko wapi. Macho ya Mama hayana ubaya. Kinachokuja kutoka kushoto kinaingia machoni, ila ubongo haukijali, unakiacha nje ya mlango. Kwa hiyo yeye haoni giza wala pengo upande ule. Kwake upande ule haupo, na mtu hawezi kukikosa kitu ambacho kwake hakipo. Ndiyo maana mwandiko wake unakimbilia kulia na kupanda, na ndiyo maana anarudia miguu ya herufi, M inakuwa na miguu kama tandu. Nikauliza kama itarudi. Akasema wengine hurudi vizuri, wengine nusu, na kwamba kazi kubwa ni yeye mwenyewe kukubali kwamba upande huo upo.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mkali mwenye sauti ndogo, alitoa amri kwamba kila mgeni akae kushoto kwa Mama na amsemeshe kutoka huko, ili ubongo ulazimike kugeuka. Wengi tulishindwa. Unakaa kushoto, mama yako mzazi anazungumza na ukuta, basi kidogo kidogo unahamisha kiti. Mimi mwenyewe nilikihamisha.

Sasa nikutajie mtu mmoja. Unamkumbuka Bwana Stika, yule wa duka lililotazamana na karakana ya Mama, mwenye mashine ya kukata herufi za plastiki. Alipofungua, nusu ya wateja wa Mama walihamia kwake, kwa sababu mashine haichelewi wala haina maneno. Mama alikuwa akisema herufi zake hazina damu. Naye alikuwa akisema kwamba za Mama zina damu, ndiyo maana zina presha. Miaka yote hiyo salamu yao ilikuwa kutikisa kichwa, tena kwa mbali.

Basi huyo Bwana Stika alikuja hospitali na machungwa, akauliza akae wapi. Binti wa mazoezi akamwonyesha kushoto. Akakaa. Akamjulia hali Mama, Mama hakugeuka. Akakaa muda wote wa kutazama wagonjwa, mikono magotini, na katikati ya muda huo Mama akaniambia kwa uchungu kwamba watu wa mtaa wetu hawana utu, maana leo hakuna hata mmoja aliyekuja kumwona. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia Bwana Stika, kwa ishara, ahamie kulia. Akakataa kwa kichwa. Tulipotoka aliniambia, "Mtaalamu amesema kushoto, mwanangu. Nitakaa kushoto."

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Nilimwona akimenya chungwa polepole, akisoma gazeti kwa sauti, akizungumza na mtu asiyemjibu. Halafu siku moja akatazama maandishi ya ukutani juu ya mlango wa wodi, akasema, kama anajisemea, kwamba hayo ndiyo maandishi, herufi zimepangwa vizuri, nafasi zinalingana. Na maandishi yale, Dada, yalikuwa yamepangwa kama meno ya mzee. Mama akauliza ni nani huyo anayesema upuuzi. Akatafuta kulia. Akatafuta zaidi kulia, mpaka nikadhani ataanguka kitandani. Bwana Stika akarudia, nafasi zinalingana. Na hapo shingo ya Mama ikaanza kugeuka, taratibu, ikapita katikati, ikaenda kushoto mpaka akamwona.

"Kumbe na wewe umekuja?"

"Nimekuja muda kidogo."

"Basi una macho mabovu kuliko yangu," Mama akamwambia, wakaanza kubishana kuhusu nafasi kati ya A na V, na binti wa mazoezi alisimama mlangoni akitazama ile shingo iliyogeuka, uso wake umekunjuka kwa furaha.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani ndipo ilipokuja kazi ngumu. Mama aliingia karakana akataka ubao. Nilimwekea ule mrefu wa mazoezi. Akaandika, na maneno yote yakajazana upande wa kulia, mengine yakapandana. Nikamwambia upande wa kushoto ameuacha mtupu. Alinikasirikia kama hajawahi kunikasirikia. Akasema nimeusogeza ubao, nimemchezea akili, namfanya mtoto. Nikapiga picha nikamwonyesha, lakini na picha aliiona nusu. Wiki nzima ilikwenda hivyo. Alikuwa akigonga bega la kushoto kila mlango, akiulaumu mlango. Siku moja mtaani pikipiki ilitokea kushoto, akawa anaendelea tu kutembea, nikamvuta kwa nguvu mpaka kitambaa chake kikadondoka. Hakuona pikipiki. Aliona mwanawe anayemvuta mbele za watu.

Kilichombadilisha hakikutoka kwangu wala kwa daktari. Alikuwa ameamua kupiga mstari kwa uzi wa chaki, ule unaofungwa kwenye misumari miwili, unauvuta na kuuachia unaacha alama. Nilifunga upande wa kushoto kwenye msumari wa pembeni kabisa mwa ubao. Yeye akashika uzi kwa vidole, akafumba macho kama ilivyo kawaida yake akitaka kusikia kama umekaza, akaanza kuufuata kwa mkono wa kulia kuelekea kushoto. Akaenda. Akaenda tena. Akasema uzi huu ni mrefu kuliko ubao. Mkono ukaendelea, na chini ya uzi vidole vilikuwa vinagusa mbao, si hewa. Ukafika kwenye msumari, ukapapasa ukingo wa ubao, pembe yake ya juu na ya chini. Akafumbua macho. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbali mahali ambapo kwake hapakuwa na kitu.

Hakuutoa mkono. Akasema, "Mkono unaniambia pana ubao. Macho yananiambia hapana." Nikamuuliza anaamini kipi. Akasema mkono umemlisha tangu ujana wake na haujawahi kumdanganya, kwa hiyo ameamua kuuamini mkono. Kisha akakaa kwenye stuli, akafikiri, akasema, "Ndiyo maana nilikuwa sishibi."

Nilicheka, Dada, na yeye akacheka, halafu akalia kidogo, akajifuta uso, akaomba chaki.

Natamani ungekuwepo uone alivyojifundisha upya. Bwana Stika alileta utepe mwekundu wa dukani kwake, wakaubandika kwenye ukingo wa kushoto wa kila kitu, ubao, meza, sahani, mlango wa choo. Sheria ya Mama ni moja, haanzi kuandika mpaka mkono wake uuguse utepe na macho yaufuate mkono mpaka yaone wekundu. Anaiita kwenda kumwamsha kushoto. Kwa M anahesabu kwa sauti, panda, shuka, panda, shuka, basi. Mara ya kwanza alisahau kusema basi, M ikaendelea mpaka mwisho wa ubao. Alikuwa akifuta na kuanza tena bila kulalamika, yeye ambaye herufi zake watu walikuwa wakisimama barabarani kuzitazama. Mimi nikikosea kulehemu bomba moja la friji natupa vifaa. Sikujua kwamba tuna mama wa namna hii. Nilijua ni fundi, sikujua kwamba anaweza kuwa mwanafunzi, na hilo nimeona ni kubwa zaidi.

Mwenye bekari alikuwa bado hajaufuta ule mlango. Watu walimwambia abandike stika yaishe, na Bwana Stika mwenyewe alipofuatwa akasema mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika, naijua, nilikuwa naisikia. Mama akapata habari, akasema atakwenda kumaliza kazi yake.

Alikwenda asubuhi wateja wakiwa wengi. Wote walijua, na hakuna aliyeondoka. Akafuta maandishi ya zamani yote kwa mafuta ya taa, akabandika utepe, akapapasa kushoto mpaka ukingo, akapima kwa rula, yeye aliyekuwa akiidharau rula. MIKATE MOTO ikakaa vizuri. Mstari wa pili, KILA SIKU, ulianza kupanda kulia. Sisi tuliuona na hatukusema. Alipomaliza alirudi nyuma, akatazama, hakuona kosa, lakini hakujiamini. Akarudi akapima kwa kiganja, kutoka ukingo wa chini mpaka kwenye herufi, kushoto kisha kulia. Viganja havikulingana. Akachukua kitambaa akafuta mstari wote. Mwanamke mmoja aliyeshika mkate alisema kwa huzuni kwamba si mbaya, mama, uache tu. Mama akamjibu bila kugeuka kwamba yeye si mtu wa si mbaya.

Akaandika tena. Jua lilishapanda, mkono wa kushoto ukitetemeka kwa kushika kopo, lakini hakukubali mtu amshikie. Safari hii viganja vililingana. Mwenye bekari alitoka na futi yake, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kupima.

Sitakudanganya kwamba amepona kabisa. Anachoka upesi, na akichoka kushoto hulala tena. Shati anaweza kuvaa mkono mmoja akaondoka. Herufi za mwanzo wa mstari ni nyembamba kidogo kuliko za mwisho, mwenye jicho ataona. Barabara havuki peke yake. Lakini wateja wamerudi, na wengine wanakuja kumtazama tu anavyomwamsha kushoto.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenikalisha. Uliniambia mkataba wako ukiisha utamchukua Mama akae kwako, na karakana tuipangishe. Nilimfikishia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anakushukuru sana na chumba hicho umpe mtu mwingine, kwa sababu yeye anaolewa.

Ndiyo, Dada. Bwana Stika. Nilidhani ni ile mizaha yake. Akaniambia kwamba Bwana Stika alimwomba pale karakana, akiwa amesimama kushoto kwake kama kawaida, kwa sauti ya chini, na yeye hakujibu, kwa hiyo ikabidi aombe tena. Nikamuuliza kama hakumsikia mara ya kwanza. Akasema alimsikia vizuri, na alimwona vizuri, ila alitaka kusikia tena, na ugonjwa ukishakupa kisingizio kizuri ni ujinga kukiacha.

Sikucheka siku hiyo. Nilimfikiria marehemu Baba, stuli yake ambayo bado iko pale pembeni, na nikatoka nikijifanya nakwenda kuchota maji. Nilikaa nje na ndoo tupu. Hasira niliitafuta nikaikosa. Kila nikitaka kuona vibaya, namwona yule mtu kwenye kiti cha hospitali, mikono magotini, akisikiliza mgonjwa akisema hakuna aliyekuja, naye hahamishi kiti. Mimi mwanawe nilikihamisha. Nikajua kwamba kama Baba angeulizwa amwachie nani upande ule, asingepata mwingine. Nikaenda hadi dukani kwake, nikampa Bwana Stika mkono, nikamwita Baba, ikatoka kwa shida lakini ilitoka.

Wifi yako anakuombea safari njema utakapopata ruhusa ya kuja. Mwenye bekari naye anakusalimu, na anasema keki ni juu yake. Jitunze na vumbi hilo, ule vizuri, usiwe unalala na buti za kazi.

Mama amejua kwamba ninakuandikia, maana nilimwambia asubuhi nilipomuaga, akanisimamisha mlangoni. Ameniagiza nisije nikaandika kwamba anakuomba ruhusa. Niandike kwamba anakuarifu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kijiti